Mwaka wa Wino wa Kijani

Mwanaidi hapigi simu kwa salamu. Ukiona jina lake kwenye simu, ujue kuna harusi, kuna mchango au kuna msiba, na Jumatano hii ulikuwa msiba. "Mwalimu Njiku ametutoka," alisema. "Wanamzika Jumamosi kwao Mgori. Sasa wewe ndiye utasema kwa niaba yetu wanafunzi wake. Usinikatalie, Elineema, wewe ndiye msomi." Nikamwambia sawa. Tangu hapo nimekaa na sawa yangu hiyo, kalamu mkononi, na kila nikianza kuandika kwamba marehemu alikuwa mwalimu mwenye moyo, mkono unasimama. Nakaribia miaka sabini. Nimezika wazazi, nimezika mume, nimesimama misibani mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na sikuwahi kukosa maneno. Mimi si mtu wa kukosa maneno, waulizeni majirani. Lakini kwa Mwalimu Njiku siwezi kusema lolote mpaka kwanza niseme jambo lililotokea mwaka wetu wa kidato cha nne, mwaka ambao niliogopa kuanzia Januari mpaka Novemba, na woga wangu akaulipia yeye.

Ilikuwa shule ya serikali ya wasichana, ya bweni, kando ya barabara ya vumbi iendayo Sepuka. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, vijiji vipya vya ujamaa vimeshapangwa kando ya barabara, nyumba zimekaa mistari kama madawati. Januari ile tuliletewa mkuu mpya wa shule, Mama Kalunde, mwanamke mrefu, mkavu, mtu wa upande wa Tabora, ambaye tuliambiwa amekuja kuinua shule. Sisi tulimwita Kijani. Alikuwa na kalamu ya wino wa kijani na alitangaza siku ya kwanza kwamba pale shuleni hakuna mwingine wa kuandika kwa rangi hiyo, mwalimu wala mwanafunzi, ili kila mtu akiona kijani ajue ni neno la mwisho. Mtu akisema "Kijani!" bwenini, wasichana arobaini walikuwa wanatandika vitanda ambavyo vimeshatandikwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hata fimbo hakuishika mara nyingi. Alikuwa na fomu, na fomu ilitosha. Siku hizo kufaulu mtihani peke yake hakukukupeleka popote. Pamoja na maksi zako ilikwenda fomu ya tabia na kazi, iliyojazwa na mkuu wa shule, na neno moja tu baya mle lilitosha kukurudisha kijijini na maksi zako nzuri mkononi. Fomu zetu zilikaa kwenye droo ya meza yake, na mimi kila asubuhi niliifuta vumbi droo ile kwa kitambaa.

Nilikuwa kiranja wa ofisi. Ilikuwa kazi ya heshima, wenzangu waliionea wivu, na mimi niliomba kila siku nivuliwe. Saa kumi na mbili na nusu nafungua mlango, nafagia, nafuta meza, nawasha jiko la mkaa kwenye chumba kidogo cha nyuma na kuchemsha chai ya Mama. Ofisi ilinuka wino, mafuta ya taa na sabuni ya mche. Juu ya meza kulikuwa na trei mbili za mbao zilizotengenezwa na fundi wa kijijini. Ya kulia ilikuwa ya barua ambazo Mama bado hajazifanyia kazi. Ya kushoto ilikuwa ya karatasi zilizokwisha, zinazosubiri kutumika upande wa nyuma, kwa maana mwaka ule karatasi ilikuwa adimu kama sukari, na sisi wasichana tulifanya hesabu hata kwenye mifuko ya saruji. Barua zote za shule, hata ya mwalimu kutoka kwa mama yake mzazi, zilipita kwanza kwa Kijani. Mwalimu haruhusiwi kuingia ofisini bila kuitwa. Makamu wake, mzee wa watu, alikuwa anasimama mlangoni na kukohoa, akikohoa mara tatu bila kujibiwa anarudi zake. Kabla yake, miaka yetu mitatu ya mwanzo, tuliona walimu wakichukua barua zao wenyewe, wakibishana na mkuu wao huku wanakunywa uji, na shule ilikuwa inafaulisha. Sasa chumba cha walimu kilikuwa kimya. Ukipita dirishani unaona vichwa vimeinama juu ya madaftari, na hakuna daftari linalofunguliwa ukurasa.

Na alikuwa na sababu za kuwa vile, nilizisikia kwa masikio yangu nikiwa chumba cha nyuma na birika. Alikuja mgeni kutoka mkoani, bwana mmoja mwenye suti ya kola ya kusimama, hakutaka hata kukaa. "Mama Kalunde, mashindano ya mashamba ya shule yanakuja. Mwenzako wa shule ile nyingine aliitwa asubuhi, hata chai hakumaliza. Nadhani umesikia." Mama akajibu amesikia. "Ekari zako ngapi?" Akazitaja. "Sisi tunataka mara mbili yake kabla ya mvua. Wengine wameahidi." Nikamsikia Mama akisema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake, "Zitapatikana, Ndugu." Mgeni alipoondoka nikapeleka chai. Alikuwa amekaa, mikono ameikalia kama mtoto mwenye baridi. Akaniuliza, "Umesikia nini?" Nikasema, "Sijasikia kitu, Mama." "Vizuri," akasema, na nilipompa kikombe akakishika kwa mikono yote miwili. Nilikuwa na miaka kumi na minane na ndiyo mara ya kwanza kuona mtu mzima mwenye madaraka anatetemeka. Badala ya kunipunguzia woga, kulinizidishia. Nilijiambia kama huyu naye anaogopa, basi huko juu kuna nini?

Kuanzia juma lile masomo yakawa ya kuibia. Vipindi vya mchana vyote vikahamia shambani, halafu na viwili vya asubuhi. Tulifyeka, tuling'oa visiki, tulibeba samadi kwa karai kutoka maboma ya wafugaji, na jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda tukiwa tumechoka hata kutafuna ni kazi. Sisemi kilimo kilikuwa kibaya. Mimi ni Mnyaturu, jembe nimezaliwa nalo, na ule wimbo wa kujitegemea niliuamini na mpaka leo siwezi kuucheka. Ubaya ni kwamba hakuna mwalimu aliyeweza kusimama na kusema, "Mama, watoto hawa wana mtihani Novemba." Kila mmoja alijua, na kila mmoja alimtazama mwenzake.

Sasa kosa langu. Mwanzoni mwa Juni Kijani aliniita akanipa makundi manne ya shamba jipya, niyaandike vizuri yakabandikwe ubaoni. "Chukua karatasi," akasema, akionyesha meza kwa kidevu huku anatafuta miwani yake. Nikachukua karatasi kutoka trei. Nilichukua ya juu, ilikuwa pana na safi upande wa nyuma, nikafurahi. Kutoka trei ipi? Nitawaapia ilikuwa ya kushoto, na kesho yake nitawaapia ilikuwa ya kulia. Nusu karne nimekuwa nikiunyoosha mkono ule na sijapata jibu. Nikaandika makundi kwa mwandiko wangu wa kujivunia, herufi zimelala upande mmoja. Kundi la kwanza, kufyeka. La pili, visiki, chini ya Mwalimu Njiku, mwalimu wetu wa Jiografia. La tatu, samadi. La nne, kuchota maji, kazi nyepesi kuliko zote kwa kuwa kisima kilikuwa karibu. Majina nilipanga mwenyewe, Mama hakuyajali. Mimi nilijiweka kwenye visiki ili nisionekane najipendelea. Mwanaidi, rafiki yangu wa kitanda cha jirani, mtoto wa wenye duka Singida mjini, ambaye viganja vyake vilikuwa vimechubuka vyote, nikamweka kwenye maji. Aliponiona akanipiga begani, "We Elineema, utakwenda peponi moja kwa moja." Kijani akatia sahihi yake ya kijani chini ya orodha bila kuigeuza karatasi, nami nikaibandika kwa pini nne.

Julai kwetu ni upepo. Si upepo wa kubembeleza, ni upepo wa kupeperusha nguo zako kutoka kambani mpaka kwa jirani. Asubuhi moja naenda kufungua ofisi nikaikuta orodha imeng'oka, imelala kifudifudi chini ya ubao, na upande uliokuwa umetazama ukuta sasa unanitazama mimi. Kulikuwa na mhuri wa wizara. Nikasoma nikiwa nimechuchumaa. Ulikuwa waraka kwa wakuu wote wa shule za sekondari: karatasi ya pili ya Jiografia ya mtihani wa mwaka huo haitauliza tena habari za Ulaya na Amerika, itauliza Tanzania na Afrika Mashariki, bonde la Rufiji, vijiji, kilimo na mifugo yetu, na walimu wajulishwe mara moja. Tarehe yake ilikuwa ya Aprili.

Nikakaa palepale chini kwenye vumbi. Maana sisi tulikuwa tunameza Denmaki. Tulijua ng'ombe wa Denmaki anakula nini, anakamuliwa saa ngapi na siagi yake inapita bandari gani. Tulijua mto Raini na viwanda vyake vyote, kwa Kiingereza, kwa kuimba. Mwalimu Njiku alifundisha kile alichokuwa nacho kwa sababu hakuna aliyempa kingine. Nilijua natakiwa kukimbia na karatasi ile mpaka nyumbani kwake. Lakini upande wa pili wa karatasi ulikuwa mwandiko wangu. Nilikuwa nimechukua waraka wa serikali, nimeuchorachora, nimeubandika ukutani kama tangazo la mechi. Na chini yake kulikuwa na sahihi ya kijani, kwa hiyo kumwonyesha mtu yeyote ni kumwonyesha kosa la Mama mwenyewe. Nani angenisamehe kwa hilo? Nikawaza droo. Nikawaza fomu yangu mle ndani, bado tupu. Nikachukua pini, nikairudisha orodha ubaoni, mwandiko wangu mbele, wizara ukutani, nikabonyeza mpaka kidole kikatoka damu. Halafu nikaenda kuchemsha chai.

Nilinyamaza majuma sita. Andika hilo, Elineema, usilizungukie: majuma sita. Kila siku nilipita mbele ya ubao ule mara nne au tano, na kila upepo ukivuma moyo unapiga pa! Mezani, tukila maharage yenye wadudu, Mwanaidi alikuwa ananihoji kama ilivyokuwa desturi yetu. "Denmaki wanafuga ng'ombe wa aina gani?" Nami najibu. "Kwa nini wana vyama vya ushirika?" Najibu. Siku moja nikamwambia, kama mzaha, "Soma na Rufiji kidogo basi." Akacheka mpaka akapaliwa. "Rufiji imeingia Ulaya lini, we mtoto?" Nilitamani kumwambia. Lakini Mwanaidi, Mungu ambariki, mdomo wake haukuwa na kufuli. Ukimwambia saa nne, saa tano jikoni wanajua. Nikacheka naye. Nilijichukia siku ile, na bado nilicheka.

Mwisho wa Agosti nikashindwa. Sikushindwa kwa ushujaa, tuelewane. Nilishindwa kwa sababu nilikuwa silali na nilianza kutapika uji. Tulikuwa kwenye visiki, Mwalimu Njiku ameinama na shoka, kijana mwembamba mwenye shati lililoshonwa kola mara mbili. Nikasogea nikamsalimu upya, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana, nikamwambia kila kitu kwa Kinyaturu ili wasichana wengine wasishike. Nilianza na mwandiko wangu na nikamalizia na Rufiji. Akaliacha shoka kwenye kisiki. Uso ukambadilika rangi, nikaona jasho la mdomo wa juu. "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. "Basi hujaona kitu," akasema. "Sikia, mwanangu. Hujaona kitu, na mimi hujaniambia kitu. Usiiguse karatasi ile." Kesho yake, nikiwa na birika langu chumba cha nyuma, nikamsikia akikohoa mlangoni kwa Kijani. Akaruhusiwa. "Mama, nilikuwa nauliza kama hakuna waraka wowote wa Jiografia umekuja mwaka huu." Sauti ya Kijani ikapanda kidogo tu. "Ungekuwepo ningekupa. Unanihoji, Ndugu Njiku?" Akasema hapana, Mama. Akaomba radhi, akatoka. Nina hakika siku ile Mama hakujua. Aprili na Mei alikuwa akishinda shambani na mkoani, barua za wizara anazipitisha macho kutafuta neno moja tu, shamba, na zisizo na shamba zinasubiri. Huyo ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kufungua barua za shule nzima.

Toka siku ile kundi la pili tulisoma Jiografia tukiwa na majembe. Mwalimu hakutupa sababu. Alikuwa anasafisha ardhi kwa mguu, anachukua ncha ya jembe na kuchora bonde lote la Rufiji kwenye vumbi, na mito inayolilisha, na mahali pa pamba na mpunga, halafu anatuambia, "Kumi mnachimba, watatu mnaniambia nimechora nini." Tukabadilishana. Alitufundisha ng'ombe wa Manyoni na malisho yao, reli ya kati na kwa nini imepita pale ilipopita, kwa nini mtama unastahimili kwetu na mahindi hayastahimili. Na mimi niliyekulia humohumo nikashangaa kumbe nayajua, kumbe mtihani unaweza kuuliza mambo ambayo bibi yangu angeyajibu. Wakati wa kuondoka alifuta kila kitu kwa tawi. "Haya yabaki hapa," alituambia. "Msiyapeleke bwenini." Aliogopa, na woga wake ulikuwa wa haki, lakini maana yake ilikuwa kwamba wasichana kumi na watatu walipata na wengine zaidi ya ishirini hawakupata. Waliopata ni wale mkono wangu uliowaandika kundi la pili. Mwanaidi alikuwa anapita kwa mbali na ndoo yake kichwani anatupungia, anatuonea huruma kwa visiki vyetu.

Kijani alitufuma Septemba inaelekea kwisha. Hakutokea njiani, alikata kona kupitia mtama mkavu, tukasikia tu mabua yanavunjika na kivuli kimeshakuwa juu ya ramani. Majembe yote yalikuwa chini. Alitazama vumbi kwa muda mrefu, akatazama visiki vyetu, akahesabu kwa midomo. Akageuka akaenda zake. Asubuhi yake kengele ya baraza ikagongwa kabla ya uji. Tukasimama mistari, walimu pembeni, Mwalimu Njiku amewekwa mbele peke yake kama mtu aliyeiba kuku. Kijani akasema kwa sauti yake ya chini, "Shamba la taifa linalala, na hapa mtu anafanya darasa lake la siri. Ndugu Njiku, nani alikutuma?" Akajibu, "Nimejituma mwenyewe, Mama." "Kwa nini Rufiji? Muhtasari wako unasema Rufiji?" Hapo ndipo angeweza kusema. Ubao ulikuwa hatua ishirini kutoka pale. Angesema tu, geuzeni ile karatasi. Macho yake yakapita juu ya mistari yetu taratibu, yakafika kwangu, hayakusimama, yakaendelea. "Niliona inafaa," akasema. Makamu alikuwa anatazama viatu vyake. Walimu wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Nami mkono wangu wa kulia ulikuwa mzito, nauambia panda, nauambia panda, na mkojo unanibana, na mkono haukupanda. Nilihesabu vifungo vya mgongoni mwa blauzi ya msichana aliye mbele yangu. Vilikuwa vitano. Siku ya tatu lori la samadi lilimchukua Mwalimu Njiku na godoro lake na sanduku moja la bati, tukasikia amehamishiwa mkoa mwingine, mbali. Hakuletwa mwalimu mwingine wa Jiografia.

Novemba tukaingia kwenye mtihani. Karatasi ya pili iligawiwa kifudifudi, msimamizi akasema geuzeni, na nikasikia chumba kizima kinavuta pumzi. Swali la kwanza, Rufiji. La pili, reli. Mbele yangu msichana mmoja akaanza kulia bila sauti, mabega tu. Mwanaidi aligeuka akanitazama, hakunishuku, alinitazama kama unavyomtazama mwenzako gari linapopinduka mkiwa ndani pamoja. Niliinama nikaandika. Niliandika vizuri sana, jamani, mkono ulikuwa unakimbia wenyewe. Baadaye aliniambia yeye aliandika Denmaki tu, ukurasa mzima, kwa kuwa hakutaka kurudisha karatasi tupu. Matokeo yalipokuja shule yetu ilikuwa imeanguka vibaya mno kuliko miaka yote, na Kijani naye aliondolewa asubuhi moja, nasikia ilikuwa kabla ya chai. Shamba lilishinda mashindano. Mwanaidi alikosa nafasi ya ualimu kwa alama za somo hilo moja, akarudi dukani kwao, akaolewa mwaka uliofuata, na duka la vitenge analo mpaka leo.

Mimi nilikwenda mbele, nikawa mwalimu, na mwishowe nikawa mkuu wa shule kwa miaka mingi. Watu huniuliza kwa nini shule mbili za serikali, vitabu vilevile, walimu wa chuo kilekile, moja ifaulishe na nyingine ianguke. Wanategemea niseme fedha au maabara. Nawaambia nendeni mkatazame barua zinalala wapi. Mimi barua nilizimwaga mezani chumba cha walimu, kila mtu afungue, na mwalimu aliyenibishia mbele ya wenzake nilimpenda hata siku aliyoniudhi. Na pamoja na hayo yote, siku moja niliingia darasani ghafla nikaona msichana anaficha karatasi chini ya daftari, uso umemkauka. Nilirudi ofisini nikafunga mlango nikalia kama mtoto.

Jana usiku sikuvumilia, asubuhi hii nikampigia Mwanaidi nikamwambia. Nilimwambia ubao, pini, majuma sita, baraza. Halafu akasema, "Kwa hiyo ule mzaha wa Rufiji ulikuwa unaniambia." Nikasema ndiyo. "Ungenishika shingo, Elineema. Ungenipiga kofi. Mzaha?" Akakata. Baada ya saa moja akapiga tena, sauti imekauka, akasema Jumamosi nitasema yote pale kaburini, mbele ya watoto wa marehemu, ambao wamekua wakisikia baba yao alihamishwa kwa uvivu wa kazi, na kama sitasema atasimama yeye. Nitasema.

Kuna kimoja tu ambacho hata yeye sijamwambia. Siku tuliyomaliza mtihani Kijani aliniita ofisini. Orodha ya makundi ilikuwa juu ya meza yake, upande wa wizara juu. Nikajua nimekwisha. Akaigeuza kwa kidole kimoja. "Mwandiko wa nani huu?" Nikasema, "Wangu, Mama." "Na sahihi?" Nikasema, "Yako, Mama." Akatikisa kichwa kukubali, akaikunja mara nne, akanipa niipeleke kwenye jiko la chai, nami nikaipeleka, nikasimama mpaka ikawa majivu. Niliporudi alikuwa anaandika kwenye fomu yangu. "Niliikuta imebanduka ubaoni ile jioni niliyotoka shambani, nikaisoma, kabla sijamwita Njiku barazani," alisema bila kuinua macho. "Yeye angesema siku moja. Wewe nilijua hutasema." Akanigeuzia fomu nisome. Palikuwa na maneno mawili ya kijani, wino bado mbichi: Mtiifu. Anaaminika. Na mimi, nakuapieni, moyo wangu ulijaa furaha. Nikapiga goti, nikasema, "Asante, Mama."